Jogoo wangu wa kuchi ana lengelenge kidarini, nifanyeje?

Wafugaji wenzangu, naomba ushauri. Niko Kisauni, Mombasa, nina jogoo wa kuchi, ile aina ya kuku warefu wenye miili mikubwa. Ana kilo 4 na ushei, mzito kweli. Wiki iliyopita nilimshika nikaona uvimbe kidarini, juu ya ule mfupa wa katikati, kama yai la kware. Ni laini, una maji ndani, manyoya pale yamenyonyoka. Anakula vizuri na kuwika anawika, ila jioni hujilaza chini mapema.

Nashuku boriti ya mkoko anayolalia. Ni nyembamba, ina kona, naye huuweka uzito wote wa kidari pale usiku kucha. Na mvua hizi za masika zimelowesha maranda, sakafu yenyewe ni simiti. Boriti nimeitoa, nimemwaga maranda makavu ya kina cha kiganja, na napangusa kwa maji ya chumvi vuguvugu.

Jirani asema nitumbue. Mimi naogopa, uchafu ukiingia si ndiyo usaha? Aliyewahi kuuguza hili, uvimbe ulinywea wenyewe? Na jogoo wazito mwawalaza juu ya nini? Huyu nimemlea tangu kifaranga, sitaki kumchinja.