Mjadala: Je, sensa ya Ufaransa iwaulize raia asili na rangi yao?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo imewagawa watafiti wa jamii wa Ufaransa tangu miaka ya 1990 na mpaka leo haijapoa.

Uingereza imekuwa na swali la asili kwenye sensa tangu 1991. Ufaransa halimo. Ibara ya 1 ya Katiba ya 1958 inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria bila kubagua asili, rangi wala dini. Sheria ya Januari 1978 ya kulinda taarifa za watu nayo inakataza kukusanya taarifa za asili na rangi, isipokuwa kwa masharti magumu. Novemba 2007 Baraza la Katiba likakaza uzi: mtafiti anaweza kuuliza jina, uraia na mahali pa kuzaliwa, lakini utafiti usijengwe juu ya rangi au kabila.

Msimamo wangu nausema mapema. Swali liingie kwenye sensa, liwe la hiari, mtu ajitaje mwenyewe anavyojiona, na jibu litenganishwe na jina lake siku ileile fomu inapopokelewa. Bila hivyo tunawataka wanasosholojia, wanademografia, wachumi na wanasheria waichambue jamii ambayo wamezuiwa kuitazama usoni.

Chukueni suala la polisi kusimamisha watu na kudai vitambulisho. Vijana wa vitongojini walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba wanaosimamishwa ni wao tu, wakaambiwa walete ushahidi. Ushahidi utoke wapi, wakati polisi haandiki amemsimamisha nani? Fabien Jobard na René Lévy, watafiti wa CNRS, taasisi ya taifa ya utafiti wa sayansi, wakaamua kuutafuta barabarani. Kati ya 2007 na 2008 waliweka waangalizi sehemu tano za Paris, kwenye stesheni ya Gare du Nord na eneo la Châtelet-Les Halles. Kwanza waliwahesabu wapita njia wote: rangi wanayoonekana kuwa nayo, umri, mavazi, begi walilobeba. Kisha wakawafuatilia polisi kwa macho na kumwandika kila aliyesimamishwa, mara 525 kwa jumla. Hesabu ilipopigwa, mtu mweusi alikuwa akisimamishwa takriban mara 6 zaidi ya mweupe, na mwenye sura ya Kiarabu zaidi ya mara 7. Mavazi nayo yalikuwa na uzito wake. Vijana waliovaa kihip-hop na mitindo ya aina hiyo walikuwa kama mmoja kati ya wapita njia kumi, lakini walikuwa karibu nusu ya waliosimamishwa.

Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini imechukua miezi ya watu kusimama stesheni, ili kujua hali ya sehemu tano tu za jiji moja.

Wanademografia wa INED, taasisi ya utafiti wa idadi ya watu, na INSEE, idara ya takwimu ya Ufaransa, walipita njia nyingine. Utafiti wao mkubwa wa 2008–2009, Trajectoires et Origines (yaani Mapito na Asili), uliwahoji watu karibu 22,000 na kuwauliza wazazi wao walizaliwa wapi. Uliporudiwa 2019–2020 waliohojiwa walikuwa karibu 27,000. Hapo utaona watoto wa wahamiaji vizuri. Wajukuu wanaanza kupotea. Na Mfaransa mweusi ambaye ukoo wake unatoka Martinique, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa tangu 1635, mahali pa kuzaliwa pa wazazi wake hapasemi lolote kuhusu anavyotazamwa na mwenye nyumba ya kupangisha Lyon. Tena sampuli ya watu 27,000 kwa nchi nzima haikwambii kitu kuhusu mji mmojammoja. Sensa ndiyo inayofika mtaani.

Karibuni.

Mchangiaji, Marseille

Mkuu, nimekusoma kwa makini, na napinga. Mimi ni Mngazija wa Unguja, mke wangu ni wa Moroni, watoto wetu wamezaliwa hapahapa Marseille, mji wenye Wakomoro wengi mno. Kwenye vyeti vyao na shuleni wameandikwa Wafaransa. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho dola hili limewapa bila masharti, na wewe unataka fomu ya serikali iwarudishe kwenye mstari wa kujieleza wao ni nani.

Februari 1995 kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, Ibrahim Ali, alipigwa risasi mjini hapa na watu waliokuwa wakibandika mabango ya National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia. Leo hapa kuna barabara yenye jina lake. Chama kile kilibadili jina, na sasa kinapata mamilioni ya kura. Siku kitakaposhika serikali, hizo namba zako zitakuwa mikononi mwa nani?

Mwanafunzi wa historia, Dar es Salaam

Naungana na kaka wa Marseille. Katika taaluma zote ulizozitaja umeiacha historia, na kwenye suala hili historia ndiyo yenye neno zito.

Septemba 1940 jeshi la Ujerumani liliwaamuru Wayahudi waliokuwa upande wa Ufaransa uliokaliwa wajiandikishe. Paris walijiandikisha kwenye vituo vya polisi mwezi wa Oktoba, na polisi wa Kifaransa wakatengeneza faili la kadi: kwa jina, kwa anwani, kwa uraia, kwa kazi. Kadi hizo ndizo zilizotumika kwenye msako wa tarehe 16 na 17 Julai 1942, wakakamatwa watu 13,152, wakiwemo watoto zaidi ya 4,000. Kule Uholanzi rejista za wakazi zilikuwa tayari zimeandikwa dini ya kila mtu tangu wakati wa amani. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo waliuawa. Ufaransa ilikuwa karibu robo. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, lakini rejista ni mojawapo.

Nasi huku hatuhitaji kwenda mbali. Ni Wabelgiji walioanza kuandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930. Mwaka 1994 vizuizini watu walikuwa wakiuawa kwa neno lililoandikwa kwenye kitambulisho.

Muuguzi, Uingereza

Mimi nazungumzia ninachokiona kazini. Hapa mgonjwa akifika anaulizwa asili yake, anachagua kwenye orodha, na anaweza kukataa. Sijaona mtu akidhurika kwa hilo.

Korona ilipoingia 2020 tuliona wenyewe wodini nani anakufa, na wenzetu wa kazi wakiwemo. Lakini hati za vifo za England hazikuwa na asili ya mtu. Idara ya takwimu ikachukua vifo hivyo na kuvioanisha na majibu ya sensa ya 2011. Mei 2020 ikatangaza kwamba hata baada ya kuzingatia umri, hali ya maisha na mambo mengine, hatari ya mtu mweusi kufa kwa korona ilikuwa karibu mara mbili ya mweupe. Kuanzia hapo mwajiri hakuweza tena kutuambia ni hisia zetu tu, na tathmini za hatari kazini zikaanza kututaja. Ndugu zangu mnaopinga, mngetaka tulinyamazie?

Mchangiaji, Marseille

Dada, pole kwa wenzenu mliowapoteza. Lakini Ufaransa nayo iliona. Julai 2020 INSEE ilitoa hesabu za Machi na Aprili kwa kutumia nchi ya kuzaliwa tu: vifo vya waliozaliwa Ufaransa viliongezeka asilimia 22 kuliko mwaka uliotangulia, na vya waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara asilimia 114. Hakuna aliyeulizwa rangi yake.

Muuguzi, Uingereza

Hao ni waliozaliwa Afrika, kaka. Watoto wao waliozaliwa Saint-Denis, kitongoji cha Paris, wamehesabiwa kwenye zile asilimia 22.

Mchumi, Nairobi

Nawasikia wote, lakini mnachokiita rangi kwa sehemu kubwa ni umaskini. Seine-Saint-Denis ndiyo wilaya maskini kuliko zote za Ufaransa bara. Wafaransa wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana tangu 1981 wamekuwa na mpango wa kuzipa nguvu zaidi shule za maeneo magumu. Wanapanga kwa mtaa. Ukipeleka walimu na mabasi kwenye mtaa maskini, mweusi atafaidi na mweupe wa pale atafaidi, na hakuna anayepata sababu ya kumchukia mwenzake. Kwa nini tuache njia hiyo?

Mleta mada

Mchumi, njia ya mtaa isiachwe. Ila ina mwisho wake, na walioonyesha mwisho huo ni watafiti wa siasa na uchumi. Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort walitunga waombaji kazi wawili. Wote ni wanawake, Wafaransa, ukoo wa Senegal, jina la ukoo Diouf, elimu na uzoefu sawasawa. Mmoja aliitwa Marie, na kwenye wasifu wake kukawa na dalili za Ukatoliki. Wa pili Khadija, na dalili za Uislamu. Maombi yakatumwa kwa waajiri. Matokeo waliyoyachapisha 2010 ni kwamba Marie aliitwa kwenye usaili mara mbili na nusu zaidi ya Khadija. Hapo umaskini umeingilia wapi?

Mwanahistoria, hoja yako ni nzito kuliko zote na sitaizunguka. Lakini soma tena ulichokiandika. Faili la Paris halikutoka kwenye sensa ya takwimu. Lilitoka kwenye amri ya kujiandikisha polisi, kwa jina na anwani. Dola lililokwisha kuamua kuwadhuru watu halikungoja wanatakwimu. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni jibu litengane na jina. Kitambulisho cha Rwanda kilikuwa na jina, na kilitembea mfukoni mwa mtu.

Na kuna jambo ambalo wapinzani wa Ufaransa hulipita harakaharaka. Kaledonia Mpya, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ni Ufaransa, na kule sensa inauliza mtu ni Mkanaki (mwenyeji wa asili), Mzungu, au wa jamii gani. Rais Chirac alikasirika 2003, swali likaondolewa kwenye sensa ya 2004, likarudishwa 2009. Sensa ya 2019 inasema Wakanaki ni asilimia 41. Jamhuri ile ile.

Kaka wa Marseille, unaogopa chama kile kitahesabu. Kuhesabu kumeshaanza. Mei 2015 meya wa Béziers, mji wa kusini mwa Ufaransa, Robert Ménard, alisema kwenye televisheni kwamba asilimia 64.6 ya wanafunzi wa mji wake ni Waislamu, na kwamba alijua kwa kutazama majina ya watoto. Akachunguzwa, yakaishia hapo. Namba ile ilizunguka nchi nzima, na hakukuwa na takwimu halali ya kuijibu.

Mwanafunzi wa historia, Dar es Salaam

Kutenganisha jibu na jina ni ahadi ya serikali iliyopo. Sheria moja ya bunge linalofuata inaifuta. Hapo bado hujanijibu.

Mchangiaji, Marseille

Sensa ya 2025 imeongeza swali la wazazi walizaliwa wapi, na mtu anaruhusiwa kuliruka. Vyama vya wafanyakazi na watetezi wa haki walilipinga hata hilo. Mimi hilo nalivumilia, kwa sababu linauliza jambo lililotokea. Haliwaulizi wanangu wao ni nani.

Ila mleta mada, umeanza na Gare du Nord, basi tumalizie huko. Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa ilitangaza kwamba polisi atampa karatasi kila anayemsimamisha, kisha ikaliacha wazo hilo lenyewe. Kabla hujamletea binti yangu fomu, dai karatasi ile: saa ngapi, wapi, kwa sababu gani, askari namba ngapi. Ukizikusanya kwa mwaka mmoja, mtaa kwa mtaa, wanasosholojia na wanasheria watakuwa na ushahidi kuliko walivyowahi kuwa nao, na anayejaza ni yule mwenye bunduki. Hilo halihitaji kugusa katiba. Ukilidai, nami nasaini.