Lenzi ya 55-250 nikivuta mpaka mwisho picha zinakuwa ukungu, niiuze?

jicho_la_tai: Wakuu habari zenu. Natumia Canon yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ndogo ya APS-C, nilikuwa na ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera sasa nimeongeza 55-250 kwa ajili ya ndege na watoto wakicheza mpira. Nikiwa kwenye 55 mpaka 100 hivi picha safi kabisa, ila nikivuta mpaka 250 ukungu mtupu, na jua likianza kuzama ndo balaa zaidi. Niko auto muda wote na swichi ya kuzuia mtikisiko nimewasha. Nawaza niiuze nichukue 18-200 nisiwe nabadilisha badilisha lenzi, mnanishaurije?

Mpigapicha wa Jioni: Usiuze kwanza mkuu. Fungua hizo picha mbovu uangalie spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Ukishika kamera kwa mkono, spidi isiwe chini ya 1 gawanya kwa urefu wa lenzi (hizo namba za mm, kama 250), na kwenye sensa ya Canon kama yako unazidisha kwanza kwa 1.6, kwa hiyo 250 inakuwa 400, unahitaji 1/400 ya sekunde hapo. Hiyo swichi inatuliza mkono wako tu, haimsimamishi mtoto anayekimbia, watoto wanataka 1/500 kwenda juu na ndege anayeruka 1/1000 au zaidi. Halafu lenzi yako ikiwa 55 inafunguka f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa) ila ikifika 250 mwisho f/5.6, yaani mwanga nusu, ndo maana auto inashusha spidi jioni. Weka modi ya Tv kwenye kamera, chagua spidi mwenyewe na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uiachie auto. Picha itakuwa na chengachenga kidogo lakini chengachenga zinavumilika, iliyotikisika haitengenezeki.

mama_kamera: Naongezea, kama umefunga filta ya bei rahisi mbele ya lenzi itoe ujaribu tena. Na mchana wa jua kali ukipiga kitu cha mbali sana, hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini inachezesha picha, hapo hata lenzi ya gharama haisaidii, sogea karibu au rudi asubuhi. Kuhusu 18-200 ninayo na naipenda safarini, hufungui kamera ovyo so vumbi haliingii kwenye sensa, ila ni nzito, ikining'inia shingoni inajivuta yenyewe chini, na kwenye 200 kingo za picha zinalegea. Kwa ndege utajuta, hata 250 yenyewe ni fupi kwa ndege wadogo.

jicho_la_tai: Duh, nimeangalia, nyingi ziko 1/80! Nimejaribu Tv 1/500 leo watoto wametoka safi mpaka nywele zinaonekana, asanteni sana. Siuzi tena. Sasa ndani ya nyumba usiku nifanyeje, maana zote mbili zinashindwa?

Mpigapicha wa Jioni: Ndani tafuta 50mm f/1.8. Haivuti, utasogea kwa miguu, ila ukilinganisha na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara 10. Fokasi weka kwenye jicho lililo karibu na wewe, maana ukifungua mpaka f/1.8 pua inaweza kutoka safi macho yakawa ukungu, na ukiona hivyo rudi f/2.8.