Maria Magdalena hakuwa kahaba. Anayebisha alete mstari

Wapendwa, hili tuliongee wazi, maana kila Pasaka linarudi mimbarani. Mhubiri anafika kaburini asubuhi ile, anamtaja Maria Magdalena, na kabla hajatuambia mama huyo aliona nini, anatukumbusha kwamba ni "yule aliyekuwa kahaba". Waumini tunaitikia amina. Mimi nasema tunamsingizia mwanamke wa watu. Injili zote nne hazina mstari hata mmoja unaosema hivyo.

Luka 8 inamtaja pamoja na Yoana, mke wa Kuza wakili wa Herode, na Susana, miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Alikuwa ametokwa na pepo saba. Basi, hakuna zaidi. Baadaye tunamkuta msalabani wakati wanafunzi wengi wameshakimbia, na katika Yohana 20 yeye ndiye anayetumwa kuwapelekea habari ya ufufuo.

Ukahaba umetoka wapi? Mwaka 591, Papa Gregori wa Kwanza alihubiri Roma akamuunganisha na wanawake wengine wawili: yule mwenye dhambi wa Luka 7, asiyetajwa jina, aliyempaka Yesu marhamu miguuni nyumbani kwa Simoni Mfarisayo, na Maria wa Bethania, dada yao Martha na Lazaro. Wale pepo saba akawafasiri kuwa maovu yote. Waorthodoksi hawakulipokea fundisho hilo. Kwao Magdalena anaheshimiwa "sawa na mitume". Magharibi ndiko lilikoota mizizi, kiasi kwamba Mfaransa Jacques Lefèvre d'Étaples alipoandika kuwa hao ni wanawake watatu tofauti, wanateolojia wa Paris walimlaani mwaka 1521. Kanisa Katoliki lenyewe liliachana na mchanganyiko huo katika kalenda yake mpya ya 1969, na 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, Julai 22, kuwa sikukuu kama zile za mitume. Kwa hiyo Mkatoliki anayeendelea kumwita kahaba hawezi kusema analitetea Kanisa lake.

Najua mtaniambia Luka 7 na Luka 8 zimefuatana, kwa hiyo ni mtu yule yule. Lakini Luka anapofika sura ya 8 anamtambulisha kwa jina kamili, kama mtu ambaye msomaji hajakutana naye. Kama ndiye aliyetoka kumsimulia, kilimzuia nini kusema hivyo?

Wengine watasema pepo saba maana yake uzinzi. Yule mtu wa makaburini wa Marko 5 alikuwa na jeshi zima la pepo. Yule kijana wa Marko 9 pepo alimtupa motoni na majini. Nani amewahi kuwaita wazinzi? Kwa wanaume pepo ni mateso, kwa mwanamke tunaharakia kitandani. Hapa ndipo panaponiuma hasa.

Hoja ninayoiheshimu ni ile isemayo kwamba kisa hiki kinawapa matumaini wenye dhambi. Ni kweli, wanahitaji matumaini. Ila mwanamke wa Luka 7 yupo, alisamehewa, na kisa chake kinajitosheleza bila kukopa jina la mtu mwingine. Petro alimkana Bwana mara tatu, jambo lililoandikwa waziwazi, lakini hatumtaji kila mara kama "Petro mkanaji". Magdalena anabeba lisiloandikwa popote.

Na msiseme ni jambo dogo la wasomi. Nchini Ireland palikuwa na nyumba za kufulia nguo zilizopewa jina la Magdalena, ambamo wasichana waliozaa nje ya ndoa, yatima na wengine walioonekana "wameharibika" walifungiwa na kufanyishwa kazi bila ujira. Takriban wanawake 10,000 walipitia humo kuanzia 1922 hadi ya mwisho ilipofungwa 1996. Waziri Mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi bungeni mwaka 2013, wengi wao wakiwa wameshakufa.

Anayeona nimekosea, karibu, ila aje na kitabu, sura na mstari. "Ndivyo tulivyofundishwa" haitoshi. Na walimu wa shule ya Jumapili mliomo humu, hebu tuambieni: watoto mnawaeleza kwamba Magdalena alikuwa nani?