Mrejesho: vile vinyuzi ndani ya lenzi ya kamera ya 50mm ni kuvu

Wakuu, niliuliza kama vinyuzi ndani ya lenzi yangu ni kuvu au vumbi. Ni kuvu. Ukimulika tochi kwa ubavu, vumbi huonekana nukta nukta. Hivi vilitambaa kama mizizi kutoka ukingoni mwa kioo cha nyuma.

Asanteni mliosisitiza spana ya lenzi (yenye ncha mbili za kuingia kwenye mapengo ya pete) badala ya koleo, pete inayoshika kioo imefunguka bila mkwaruzo. Kabla ya kutoa kioo, piga picha uone upande upi unatazama mbele, maana kikirudi kinyume fokasi haikazi tena. Nimetumia hidrojeni peroksaidi ya 3% kwenye kitambaa laini, kisha spiriti ya isopropili, nikifuta kutoka katikati kwenda nje. Vinyuzi vimetoka vyote. Kimebaki kidoa kimoja ambapo asidi ya kuvu imekula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Hicho hakisafishiki, ila huonekana ukipiga kuelekea jua tu.

Sasa lenzi inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, unyevu ukiwa 40–50%. Kwa hewa ya Tanga, mkoba wa ngozi achaneni nao kabisa, unafuga kuvu. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, imeshajaa unyevu, ikausheni kwa moto mdogo.