River Kwai au Great Escape: ipi nimwekee baba mkwe?

Kibatari
Wakuu, baba mkwe yupo kwangu wiki hii na taarifa ya habari imeshamchosha. Anapenda picha za vita za zamani. Ninazo mbili za mateka: The Bridge on the River Kwai (1957) na The Great Escape (1963). Kila moja inapita saa mbili na nusu. Nianze na ipi?

Mtoto wa Dobi
Great Escape, hata usiulize. Mateka wanachimba mahandaki matatu ya kutorokea kambi ya Wajerumani, Tom, Dick na Harry, mbao za vitanda zinang'olewa ili mchanga usiporomoke. Halafu ile ya udongo sasa: mtu ana vifuko ndani ya suruali, anavuta kamba mfukoni, mchanga unamwagika miguuni huku anatembea kama anapunga upepo, na mlinzi kasimama hapo hapo. Mzee atacheka mpaka basi.

Shangazi Nuru
Atacheka, halafu? Kisa chenyewe ni cha kweli: waliotoroka usiku ule wa Machi 1944 ni 76. Waliofika salama watatu tu, na 50 walipigwa risasi kwa amri ya Hitler. Ile pikipiki ya Steve McQueen kuruka seng'enge ni chumvi tupu.
Mwekee Kwai. Kanali Nicholson, Mwingereza aliyetekwa na Wajapani kule Thailand, anakataa maofisa wake wafanyishwe kazi za mikono, anafungiwa kibanda cha mabati juani, hatikisiki. Kisha huyo huyo anahimiza daraja la reli ya adui lijengwe imara kuliko Wajapani wenyewe walivyoweza!

Mtoto wa Dobi
Kama ni chumvi, shangazi, hata Kwai imo. Daraja halisi lilipigwa na ndege mwaka 1945, si makomando. Na Toosey, aliyekuwa kamanda wa mateka pale, hakuwa Nicholson. Watu wake walikusanya mchwa wakawatia kwenye nguzo za mbao za daraja ili wazitafune.

Shangazi Nuru
Mchwa! Hiyo wangeiweka. Nakubali, reli ile iliua mateka zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia wengi kuliko hao, ambao filamu haina habari nao. Lakini bado Nicholson nimekutana naye kazini mara nyingi.

Mteremko
Mnaenda Thailand yote ya nini? Ukishuka Limuru kwenda Mai Mahiu, barabara ile ni kazi ya mateka wa Kiitaliano, na kile kikanisa cha pembeni walikijenga 1942. Abiria wa matatu moja wanakijaza. Kila nikipita na lori nakitazama: mtu hapambi hivyo kwa kuogopa bunduki. Nicholson namwelewa. Weka Kwai.

Kibatari
Nimeweka Kwai. Wale jamaa walipoingia kambini wakipiga mluzi, viatu vimechanika, mzee akaufuata naye, akasema, "Hawa wanajeshi." Baada ya hapo kimya. Mwishoni maji yalipopungua na Nicholson akauona waya wa baruti, mzee kasimama: "Wewe! Achana na huo waya!" Mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna mwizi.
Great Escape ni kesho. Ameshauliza inaanza saa ngapi.