MREJESHO: Niache uandishi wa kutetea haki nibaki na kutengeneza tovuti?

Wakuu, shikamooni mliotangulia. Mwezi wa tatu niliwauliza kama niachane na uandishi wa kutetea haki mtandaoni nibaki na tovuti za hoteli na maduka, kwa sababu asasi moja ilikalia hela yangu miezi minne. Wengi mlisema nisiache, ila nidai nusu ya malipo kabla ya kuanza, tena kwa maandishi.

Nimefanya hivyo. Wateja wawili wamekimbia, watatu wamesaini. Ile hela ya zamani bado naidai.

Aliyenikumbusha leseni ya kuchapisha maudhui mtandaoni, inayotolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), Mungu ambariki. Kanuni za maudhui za 2018 zilikuja na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na 100,000 ya maombi. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini nimeona niandikie chombo chenye leseni tayari.

Kazi ya kwanza ilikuwa habari ya kina mama wanaonunua maji kwa ndoo Kigamboni. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake taarifa ya mahali ilipopigwa, na mama mmoja hakutaka kwake kujulikane. Niliifuta taarifa hiyo kwanza, kisha nikaipunguza picha kutoka MB 4 hadi KB 90, maana wasomaji wetu wanahesabu bando. Nikampelekea aione. Kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, ukurasa ulifunguka kabla hajamaliza kumimina ndoo. Akasoma yote, kimya, akaniambia nirekebishe bei ya dumu. Nimerekebisha.