Binti wa miaka 11 anataka kurusha raizi: nimruhusu au asubiri?

Baba Zuhura
Wakuu, salaam. Nipo Makorora, Tanga. Binti yangu ana miaka 11, darasa la sita. Kwenye rede huyu alikuwa balaa, ukiingia katikati umekwisha. Mwaka jana mwalimu mmoja akaanzisha softiboli ya jioni, ule mchezo mmoja anarusha mpira na mwingine anaupiga kwa ubao, akamfanya mrushaji. Sasa anazungusha mkono kama pangaboi, mpira unachomokea nyongani, na kasi anayo kweli.

Tatizo limeletwa na simu. Kamuona yule Mjapani, Yukiko Ueno, akirusha mpira unaopanda, wenyewe wanauita raizi. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki, ukuta wa uani umeanza kubanduka plasta. Kuna kijana anayewasaidia mazoezi anataka amfundishe vyote sasa hivi: raizi, dropu (ule unaozama) na ule wa kupinda. Anasema samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu naye kagoma, mpaka afike sekondari. Mimi nilicheza mpira wa miguu, tena wa benchi. Nimsikilize nani?

Pweza wa Raskazone
Tanga hii hii ya Coastal na African Sports? Mgosi, hiyo si rede yenye rungu? Ngoja niagize kahawa na kashata niwasubiri wajuzi.

Mkono wa Kushoto
Baba Zuhura, shikamoo. Nimerusha miaka minne nikiwa sekondari Dar. Hao wawili wote wanahesabu umri, na mimi naona umri si wa kwanza kuulizwa. Huyo binti ana miaka 11 lakini kwenye kurusha ana mwaka mmoja.

Mpime hivi. Chora mraba ukutani (tafuta ukuta mwingine, huo wa uani umeshateseka), umsimamishe mita 12 na kidogo, ndiyo umbali wa watoto wa umri wake. Wanawake wakubwa hurushia mita 13.11. Arushe mipira kumi ya kawaida, na kabla ya kila mmoja ataje unakwenda wapi: juu, chini, ndani, nje. Kama hafikishi saba, raizi kwake ni urembo tu.

Halafu muulize habari ya chenjapu. Huo ndio wa pili kujifunza, na watoto hawaupendi kwa sababu hauna mbwembwe. Mkono unazunguka kwa kasi ile ile, uso ule ule, ila mpira umeukandamiza ndani ya kiganja badala ya kuushika kwa vidole, unatoka umechoka. Mpigaji wa miaka 11 anakuwa ameshapiga hewa na kugeuka mpira ukiwa bado njiani. Kwa umri ule hakuna silaha inayozidi hiyo.

Dropu ifuate, lakini ile ya kumenya, vidole vinapanda nyuma ya mpira unapotoka. Inafanana sana na mrusho wa kawaida, haimvurugi. Ile nyingine ya kufunika mkono juu ya mpira inakisumbua kiwiko, iache kwanza. Raizi iwe ya mwisho kabisa. Inataka mpira uzunguke kinyumenyume, na mtoto asiye na nguvu ya kifundo cha mkono anaitafuta kwa kulalia nyuma na kuangusha bega. Mimi niliing'ang'ania nikiwa kidato cha kwanza. Raizi sikuipata, na mpira wa kawaida nao ukanikimbia nusu msimu. Tena mpira wa raizi haupandi kikweli, unashuka kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotegemea. Bila kasi na mzunguko wa kutosha unakuwa mpira wa juu tu, na wa juu unapigwa mbali.

Kijana wa Chumbageni
Mnamzibia mtoto. Mkimnyima atarudi kwenye rede.

Mkono wa Kushoto
Hapo una hoja. Basi acheze na mzunguko bila kuzungusha mkono mzima. Chukueni mpira wa soksi wa rede, fungeni utepe mweusi wa fundi umeme katikati, arushe hatua tatu nne tu kwa kifundo cha mkono. Utepe ukikaa mstari mmoja bila kuyumba, kifundo kinajifunza. Raizi, dropu, chochote anachotaka, hapo hamuumizi mtu.

Tabibu wa Viungo
Baba Zuhura, hakuna aliyeuliza: anaumwa? Watu hudhani kurusha kwa chini hakuchoshi bega. Kunalichosha, na mbele ya bega, pale kano ya msuli wa mkono inapojishika, ndiko wengi wanakolalamikia. Mfupa wa mtoto una sehemu laini zinazokua, hazivumilii kazi ya kila siku. Huyo Ueno wa kwenye simu alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, lakini alikuwa na miaka 26. Na alitunzwa, maana Tokyo 2021 akiwa na miaka 39 alibeba dhahabu tena.

Baba Zuhura
Nimemuuliza leo. Kwanza kakataa. Mama yake akamwambia avae gauni lenye zipu mgongoni, mkono haukufika. Kumbe wiki ya pili sasa, anaogopa tukijua tutamwachisha.

Tabibu wa Viungo
Asiguse mpira mpaka mkono uinuke bila maumivu. Baada ya wiki mbili kama bado, apelekwe hospitali akaonwe. Akirudi asirushe siku mbili mfululizo, na huyo kijana wa mazoezi aambiwe.

Pweza wa Raskazone
Kahawa imepoa. Mpe pole, mgosi.

Baba Zuhura
Mrejesho, wakuu. Wiki tatu zimepita, zipu anaifikia. Kijana nimemwita tukaongea, kaelewa, ndiye aliyefunga utepe kwenye soksi. Jana kapimwa kwenye mraba: minne kati ya kumi. Kanuna. Jioni kaka yake wa kidato cha pili akashika ubao kumtania, akarushiwa chenjapu, akazunguka mzima mzima akakaa chini, mpira ndiyo kwanza unafika. Raizi hajaitaja tangu jana. Mwenye plasta ya bei nzuri anicheki inbox.